Mchoro mweusi tii wa Mfaransa: ni sanaa au "usanii"?



Juzi hapa Majengo, kwenye kafe ya intaneti, nilifungua picha ya mchoro wa Pierre Soulages. Dogo wa mashine ya pembeni akacheka: "Braza, kioo chako kimezima?" Picha ilikuwa nyeusi mwanzo mwisho. Nikamwambia mwaka 2021 mchoro mwingine wa huyo mzee, aliouchora 1961, uliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 20. Akasema huo ni usanii, yaani ule wa mjini, wa kuingizana mkenge.

Sikumlaumu. Ila kosa ni la kioo. Ngoja nifafanue.

Soulages alizaliwa Rodez, Ufaransa, 1919, akafariki 2022 akiwa na miaka 102. Michoro yake haina mtu, haina twiga, haina mlima. Hata majina haina, ni vipimo na tarehe basi. Mwaka 1979 alihangaika na mchoro mmoja saa nyingi, akaona umemharibikia, akaenda kulala. Aliporudi kuucheki akagundua kitu: nyeusi imefunika turubai lote, lakini mwanga unacheza juu yake! Akashikilia njia hiyo mpaka mwisho.

Inakuwaje? Rangi ya mafuta ikipakwa nene haitambai, inabaki vile ulivyoiacha. Ukipitisha brashi pana inaacha mifereji. Ukipitisha kitu bapa, kama fundi anavyopiga plasta kwa mwiko, panalala laini. Mifereji inarudisha mwanga kivyake, palipo laini kivyake. Cheki mabati ya nyumba za hapa Majengo: rangi moja, lakini asubuhi migongo inang'aa na mabonde yana kivuli, jioni mambo yamegeuka. Na ukisogea hatua mbili, yanabadilika tena. Mchoro wa Soulages ndivyo ulivyo. Kamera inakamata dakika moja, kutoka sehemu moja, halafu inakubandikia kwenye kioo bapa. Unabaki na giza.

Kwa hiyo ile "hata mtoto anachora hii" tusiiseme kwa kuangalia picha tu. Sawa, Ufaransa ni mbali na nauli hatuna. Lakini Soulages mwenyewe tangu ujana alivutiwa na michoro ya watu wa kale mapangoni, na ya namna hiyo sisi tunayo jirani: Kolo, kule Kondoa, barabara ya kwenda Babati. UNESCO waliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kuna michoro myekundu ya mistari myembamba, na myeupe ya baadaye iliyopakwa kwa vidole, mingine maumbo matupu tu. Na mwamba nao una matuta yake, jua linahama juu yake.

Mimi miaka yote niko Dom, Kolo nimeishia kuiona mtandaoni. Sina tofauti na yule dogo.

Basi kabla hatujamwita mzee wa watu tapeli, twendeni kwanza Kolo tukatumie macho yetu wenyewe. Nani yuko tayari?

Naomba kuwasilisha.