Pembe, Deni na Bunduki: Vita vya Maniema 1892

Maji ya Lualaba yanayopita Mikelenge, hapa Kindu, yametoka kwenye nchi ya Kasongo na Nyangwe, na yanateremka kwenda Lokandu, mji ulioitwa zamani Riba-Riba. Kati ya Mei 1892 na Aprili 1893 damu ilimwagika katika miji hiyo mitatu. Ubelgiji ilivisimulia vita hivyo kwa miaka mingi kuwa vita vya kukomesha utumwa. Mimi naona chanzo chake kilikuwa pembe za ndovu, na deni lililozifuata.

Waarabu na Waungwana, yaani Waswahili, walioingia Maniema kutoka pwani walikuwa walowezi. Walilima mpunga, walioa, walituachia Kingwana, Kiswahili chetu tunachokisema mpaka leo. Waliteka watu pia, na wazee wetu waliumia mikononi mwao, hilo lisifichwe. Bwana wao waliyemtambua alikuwa Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1885 mataifa ya Ulaya yakamkubali Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, kuwa mwenye Kongo, na Bula Matari, yaani dola yake, akaanza kudai nchi ambayo wengine walikuwa wamekwisha kukaa.

Kwa muda palikuwa na dawa. Mwaka 1887 Stanley, mjumbe wa Leopold, alipatana na Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe, awe wali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Angepandisha bendera ya dola na kuzuia utekaji wa watumwa huko; biashara yake halali ingeendelea. Mfanyabiashara aliyeonewa alikuwa na mtu wa kumpelekea shauri, na ofisa wa dola naye alikuwa na wa kumsemesha.

Mwaka 1890 Tippu Tip akaondoka kurudi Zanzibar. Uwali ukabaki kwa jamaa yake Rashid, na Kasongo kwa mwanawe Sefu, lakini uzito wake haukurithiwa. Septemba 1891 ikatoka amri ya kuzifanya pembe na mpira wa nchi za mito Uele na Aruwimi kuwa mali ya dola, na msafara wa Van Kerckhoven, ofisa wa dola, ukawa unawanyang'anya wafanyabiashara pembe zao.

Tufikirie maana yake kwa mtu wa Nyangwe. Bidhaa, bunduki na baruti alizikopa kwa matajiri wa Zanzibar, na deni hulipwa kwa pembe. Pembe ikichukuliwa njiani au ikilazimishwa kuteremka Kongo kuelekea magharibi, hana cha kumpa mdai, wapagazi hawapati ujira, na wafuasi wake watamtafuta bwana mwingine. Ndiyo maana shauri la pembe likawa shauri la uhai.

Mei 1892 Hodister, mfanyabiashara Mbelgiji, aliuawa pamoja na wenzake katika nchi ya Riba-Riba. Septemba, Ngongo Lutete, aliyekuwa jemadari wa Tippu Tip, akahamia kwa Dhanis, kamanda wa jeshi la dola, pamoja na maelfu ya watu wake. Sefu akataka arudishwe, akakataliwa. Alikuwa amewashika Lippens na De Bruyne, maofisa wa dola pale Kasongo. Novemba majeshi yakakutana kwenye mto Lomami, kisha maofisa hao wawili wakauawa. Nyangwe ikaanguka Machi 1893, Kasongo Aprili, na Sefu akafa vitani Oktoba.

Je, huu ulikuwa uasi? Dola iliuita hivyo. Lakini aasiye ni yule aliyekuwa raia, na Sefu hakujihesabu raia wa Leopold. Wageni wawili waligombea mali ya watu wa tatu, na wengi waliokufa pande zote mbili walikuwa watoto wa nchi hii.

Ngongo Lutete, aliyewapa Wabelgiji ushindi, walimpiga risasi Septemba 1893 kwa shutuma za usaliti. Julai 1895 askari wa dola waliwageuzia bunduki maofisa wao huko Luluabourg, na miongoni mwao walikuwamo wengi waliokuwa watu wa Ngongo. Uasi wenyewe ulianzia hapo.