Gari Limepanda, Tela Limebaki Chini

Mtu anapoinua pikapu yake huwa anawaza mawe, tope na mabonde. Tela humjia akilini siku ya kuvuta mzigo, akiwa tayari amemlipa fundi. Tuchukue Hilux yenye tairi za 265/65R17. Mwenyewe anafunga springi za kuinua gari milimita 50, kisha anavalisha tairi za 285/70R17. Kipenyo cha tairi hizo kimezidi kile cha zamani kwa milimita 54 hivi, lakini kinachoinua gari ni nusu yake tu, yaani 27. Kwa hiyo nyuma ya gari imepanda milimita 77, na tela halijaguswa.

Lifunge hivyo hivyo, mdomo wake utatazama juu. Aliyewahi kuvuta mkokoteni anajua kinachofuata: ukinyanyua mikono yake mno, mzigo unaegemea nyuma na mkokoteni unataka kukuning'iniza. Tela nalo ni vivyo hivyo. Uzito unaokalia gololi, ile tufe ya chuma nyuma ya gari inayoshikwa na mdomo wa tela, unapungua, tela linaanza kutingisha mkia, na kadiri unavyokoleza mwendo ndivyo linavyozidi kuyumbisha gari. Wamarekani hupenda asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela ikalie gololi. Kwa tela la kilo 1,500 hiyo ni kilo 150 hadi 225. Tela la ekseli mbili lina taabu ya ziada: ekseli ya nyuma inalemewa kuliko ya mbele, na tairi zake ndizo zinazochemka.

Dawa iliyozoeleka ni mkono wa kuvutia uliopindwa kushuka. Kabla ya kuununua, egesha gari mahali tambarare likiwa na mzigo wake wa kawaida, kwa sababu springi hulala ukipakia. Pima kutoka ardhini hadi ukingo wa juu wa tundu la mraba unamoingia mkono huo. Halafu simamisha tela liwe sawa kabisa, upime hadi pale gololi inapokaa ndani ya mdomo wake. Gari likitoa sentimita 60 na tela 43, unahitaji mkono unaoshuka sentimita 17. Mikono ya matundu mengi na pini, ambayo unaipandisha na kuishusha, ni ghali, lakini anayevuta leo boti na kesho jenereta hatajuta.

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Wanaangalia unene wa chuma, wanaridhika. Ila mkono ukishuka unakuwa wenzo: ukifunga breki, tela linausukuma kule chini, na nguvu hiyo inapindua kiungo kilichofungwa juu kwenye chesisi. Ushukaji ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kupindua nayo inaongezeka mara mbili. Ndiyo maana mikono inayoshuka sana mara nyingi huruhusiwa kuvuta uzito mdogo zaidi. Soma kilo zilizogongwa kwenye chuma, uzilinganishe na za kiungo, za gololi na za gari lenyewe. Kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachoamua. Mkono uliorefushwa kwa kuchomelewa kipande hauna namba ya kusoma, na mimi singeufunga.

Gololi yenyewe haina maneno mengi. Kwetu iliyozoeleka ni ya milimita 50. Ya Marekani ya inchi 2 ni milimita 50.8: ukitazama kwa macho ni pacha, lakini mdomo wa milimita 50 unaweza kuing'ang'ania, na wa inchi 2 juu ya gololi ya 50 unacheza.

Kuna kichekesho pia. Umeinua gari lipite juu ya mawe, kisha umening'iniza chuma nyuma kinachokwaruza kila ukipanda kutoka mtoni. Basi chomoa mkono huo usipovuta. Au, kama tela ni lako na ni moja, liguse lenyewe badala ya gari: springi zikiwa chini ya ekseli, fundi anaweza kuzihamishia juu yake, na tela likapanda kwa unene wa ekseli na wa springi zenyewe. Litakuwa refu kidogo kwenye kona, kwa hiyo mzigo mzito ukae chini.

Ukimaliza, tazama minyororo ya usalama. Urefu uliotosha zamani huenda sasa ukakaza kwenye kona. Ipishanishe chini ya mdomo wa tela, ili mdomo ukichomoka udakwe kabla haujachimba lami.