Mnyambuliko wa Vitenzi na Uhifadhi wa Data katika Java

Mwaka 1970 E. F. Codd alipendekeza data ipangwe katika majedwali. Lugha ya Java, iliyotolewa mwaka 1995, huitazama data kwa namna nyingine: kila kitu huwa na sifa zake pamoja na uhusiano wake na vitu vingine. Katika programu ya kamusi, kwa mfano, kitenzi 'piga' hushikamana na 'pigana' na 'pigisha'. Katika jedwali, kila neno hukaa katika mstari wake, na uhusiano huonyeshwa kwa nambari tu. Kanuni ziitwazo JPA, za mwaka 2006, huipatanisha mifumo hiyo miwili. Hata hivyo, huhifadhi uhusiano uliotajwa tu. Hivyo basi, mwanaisimu asipoubainisha mnyambuliko mapema, kamusi itahifadhi maneno na kupoteza nasaba yake.