Kabla ya Kengele, Mtafute Msikizi

Wahenga wetu walinena kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Tangu ningali mtoto wa chuoni, nikikariri juzuu mbele ya maalimu, nilikuwa nikiisikia methali hii pasi kuitia akilini sana. Nilidhani maana yake yote imo ndani ya ile pembe inayopigwa. Leo nimepita miaka hamsini, na shangazi yangu ndiye aliyenifunza kwamba methali ile ina nusu yake ya pili isiyotamkwa: mbiu huwa na jambo pale tu penye masikio ya kuisikia na miguu ya kuijia.

Shangazi yangu huyu ana umri wa miaka 83. Anakaa peke yake Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, juu ya ngazi, katika nyumba ya mawe na chokaa ambamo aliolewa, akazaa na akafiwa. Watoto wake wawili wako ng'ambo, mmoja Maskati na mwingine London. Mimi nakaa Makadara, si mbali. Kila nilipomshika aje akae kwangu, jawabu lake lilikuwa moja: "Mwanangu, hapa naijua kila ngazi na kila ngazi yanijua. Huko kwenu nitakuwa mgeni mpaka nife."

Usiku mmoja, baada ya sala ya isha, aliingia msalani, akateleza juu ya sakafu yenye maji, akaanguka. Hakuweza kuinuka. Simu yake ilikuwa kitandani. Aliita mpaka sauti ikamkauka, lakini kuta za nyumba zile unene wake wakaribia dhiraa nzima, nazo zilijengwa ili siri ya ndani isitoke nje. Akalala pale chini usiku kucha.

Asubuhi jirani yake, mama wa watoto watatu ambaye mumewe ni baharia, alishangaa kuona dirisha la shangazi halikufunguliwa kama ada. Akamtuma kijana wake mbio kuja kuniita. Mlango ulikuwa umetiwa komeo kwa ndani, ikatubidi kuuvunja.

Alhamdulillahi, hakuvunjika mfupa. Hata hivyo alilazwa hospitali siku nne, na daktari alitueleza sababu. Kuanguka kwenyewe, alisema, kulikuwa kudogo. Kilichomdhuru ni kulala chini saa nyingi. Mzee akibanwa na sakafu ngumu, damu haipiti vyema mahali palipobanwa, ngozi huchubuka na kufanya kidonda, misuli huharibika na sumu yake huenda kusumbua figo, na mwili hukauka maji. Kwa hivyo linaloamua ni muda utakaopita kabla ya mtu kumfikia.

Lakini maneno ya daktari hayakunichoma kama ya shangazi mwenyewe. Alinishika mkono akaniambia: "Alfajiri niliwasikia watu wakipita kwenda msikitini. Nilizisikia nyayo zao. Wao hawakunisikia." Mimi husali alfajiri katika msikiti ule, na njia yangu ni chini ya dirisha lake. Nyayo zangu zilikuwa miongoni mwa zile.

Tangu siku hiyo nikaazimia kumtafutia kitu cha kuitia watu. Na kwa kuwa najua wasomaji wangu wengi wana mama, nana, shangazi au khaloo aliyebaki peke yake katika nyumba ya urithi, nawasimulia niliyoyaona, faida na hasara.

Kitu cha kwanza kilitoka London. Binamu yangu alileta kidani chenye kitufe chekundu pamoja na kisanduku chake. Huko Ulaya na Marekani vitu hivi vimetumika tangu miaka ya 1970: mzee hukibonyeza kitufe, kisanduku kikapiga simu katika kituo ambacho wahudumu wake wako macho usiku na mchana, nao huwaita jamaa au gari la wagonjwa. Ni mpango mzuri kwa wenyewe. Lakini kisanduku kile kilitaka waya wa simu ya nyumbani, ambao shangazi hana, na kituo chake kiko ng'ambo ya bahari. Kilikuwa kama adhana bila ya msikiti. Tukakirudisha sandukuni.

Cha pili kilikuwa kidani kinachotiwa laini ya simu ndani yake, kisichohitaji kituo wala waya. Ukikibonyeza hupiga namba ulizokiwekea, na vingine hujidai kutambua vyenyewe kwamba aliyekivaa ameanguka. Hiki kilinipendeza. Nikagundua hata hivyo kwamba kinataka kutiwa chaji kila baada ya siku moja au mbili, kinataka salio lisiishe, na kinataka mtandao. Na mle msalani, nyuma ya kuta zile, mtandao huja na kuondoka kama kusi. Siku moja shangazi alikaa kitini kwa kishindo, nacho kikanipigia simu nikiwa mazishini kwamba ameanguka.

Cha tatu kilikuwa simu ya wazee, yenye tarakimu kubwa na kitufe cha dharura mgongoni. Ukikishikilia kwa muda kidogo, simu hulia kwa kelele na kuzipigia namba zilizowekwa, moja baada ya moja, mpaka mmoja aitikie. Chaji yake hukaa siku kadhaa. Simu hii nilimnunulia, na ningali naisifu. Lakini mwaka gani mtu mzima wa makamo yake ataingia na simu msalani? Itabaki kitandani, palepale ilipobaki ile ya kwanza.

Mwisho nikaangukia kitu ambacho sikukitia maanani: kengele ya mlango isiyotumia waya. Kitufe chake ni kama kibiriti, kina betri ndogo ndani, na sehemu ya pili, ile inayolia, huwekwa mahali pengine. Wenye maduka huiuza ili mgeni abonyeze mlangoni, mwenyeji asikie jikoni. Nikajiuliza: kwa nini mwenyeji asibonyeze ndani, jirani akasikia kwake? Haitaki laini, haitaki salio, haitaki mtandao.

Nikanunua yenye vitufe viwili visivyoingia maji. Kimoja tukakitia uzi avae shingoni, na uzi wenyewe nikauchagua dhaifu, ili ukinaswa mahali ukatike, usije ukamkaba. Cha pili tukakibandika ukutani mle msalani, shibiri moja tu juu ya sakafu, kwa sababu aliyeanguka hafikii kitufe kilichowekwa usawa wa kifua.

Ile sehemu ya kulia tukaiweka kwa jirani. Karatasi yake iliandikwa kwamba sauti hufika mita 300. Hizo ni mita za uwanjani, msomaji wangu, si za Kibokoni. Tulipojaribu kutoka msalani, haikulia kabisa. Tukaihamisha kutoka jikoni kwa jirani mpaka dirishani, linalotazamana na la shangazi, ikalia. Kisha umeme ukakatika, tukatambua kwamba ile tuliyonunua yachomekwa ukutani. Umeme ukienda, nayo imekufa. Nikairudisha dukani nikabadilisha kwa inayotumia betri.

Siku ya jaribio kubwa shangazi alibonyeza kutoka msalani, kengele ikalia, jirani akatoka mbio na mtandio mkononi, akapanda ngazi, akaukuta mlango umetiwa komeo. Akabaki nje akigonga. Sote tulisimama tukitazamana. Tulikuwa tumetumia majuma matatu kutafuta sauti, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri juu ya ufunguo. Siku ileile tukaliondoa komeo, tukatia kufuli inayofunguka pande zote mbili, na ufunguo wa pili ukakaa kwa jirani.

Nilidhani kazi imekwisha, kumbe bado kubwa zaidi. Shangazi alikataa kukivaa. "Miye si mbuzi nivikwe njuga," alisema. Kila nilipokwenda nilikikuta kidani kinaning'inia kwenye msumari kando ya kalenda. Nami nilimkasirikia moyoni, mpaka niliposoma habari za watafiti wa Cambridge, Uingereza, waliochapisha mwaka 2008 uchunguzi wao juu ya wazee 110 waliopita miaka 90. Wengi wa wazee wale walikuwa na kengele za namna hii. Hata hivyo, mara nyingi walipoanguka na kulala chini muda mrefu, hawakuzitumia. Wengine hawakuwa na mazoea ya kuzivaa, wengine walijaribu wakashindwa, na wengine waliamua wenyewe kutobonyeza. Nikafahamu kwamba shangazi si mkaidi peke yake duniani.

Nikamwuliza kwa upole, kama impasavyo mtoto kumwuliza mzazi: "Shangazi, lipi hasa likukeralo?" Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwanangu, yule ana watoto watatu na mume yuko baharini. Nimwamshe usiku kwa haki gani? Nimempa nini?"

Nilikosa jawabu. Aliyelipata ni jirani mwenyewe. Alikuja jioni moja, akaketi mkekani karibu na shangazi, akasema: "Bibi, nami naogopa usiku. Mtoto wangu mdogo ana pumu, na akibanwa sina wa kunishikia hawa wengine. Nitilie nami kengele kwako." Basi nikanunua jozi ya pili. Kitufe kikakaa kwa jirani, sauti ikakaa kwa shangazi.

Tangu siku hiyo kidani hakijarudi msumarini. Kila Ijumaa, baada ya sala, shangazi hubonyeza mara moja na jirani humjibu kwa kubonyeza chake. Hivyo hujua kwamba betri zingali hai na watu pia. Mara nyingi jaribio hilo huishia kwa kikombe cha kahawa na haluwa.

Mwezi wa Shaaban uliofuata, saa tisa usiku, shangazi aliinuka akapata kizunguzungu akaanguka tena, palepale msalani. Kidani alikuwa amekivua ili atawadhe. Akanyoosha mkono, akakipata kile cha ukutani, shibiri moja juu ya sakafu. Jirani aliingia na ufunguo wake kabla ya dakika kumi kupita. Hakumvuta kumwinua kwa pupa, kwani tulikuwa tumefunzwa kwamba aliyeanguka huulizwa kwanza panapouma, na akiumwa na nyonga au shingo haguswi bali hufunikwa na kuitiwa msaada, kwa namba 999 au 112. Hakuwa na maumivu. Wakamkalisha, wakampa maji, kisha nikapigiwa simu. Nilipofika nilimkuta ameketi kitini, akinung'unika kwamba nimetoka bila ya kofia.

Msomaji wangu, ukitaka kumnunulia mzee wako kengele, usianzie dukani. Anzia kwa jirani. Mwulize kama yu radhi, mpe ufunguo, na umtafutie mzee wako njia ya kurudisha wema, kwani mtu mzima mwenye haya atalala chini mpaka asubuhi kuliko kuwa mzigo wa watu. Kisha ndipo ununue kitu chepesi, kisichoingia maji, kisichotegemea umeme wa ukutani, kinachofikiwa na aliyelala chini. Na ukijaribu kutoka kule msalani, si kutoka barazani. Tumefunzwa sote tangu chuoni kwamba Jibrili alimuusia Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, juu ya jirani mpaka akadhani atampa fungu katika urithi. Mimi nililikariri jambo hilo miaka mingi, nikaja kulifahamu nikiwa nimesimama mbele ya mlango uliovunjwa.

Nafunga kwa ubeti nilioutunga usiku ule, wakati wa kurejea nyumbani:

Mnunua wa kengele, nunua na msikizi,
Mwenye funguo ya pale, mwepesi wa usingizi,
Jirani wa siku zile, ajuaye yake kazi,
Pasi mtu ni upuzi, sauti na makelele.