Komunike ya biashara ndogo: mwandishi wa habari hatafuti sifa

Mashariki mwa Congo, mfanyabiashara mdogo akisikia neno komunike, mara nyingi anawaza ile ya kulipia. Anafika kwenye mapokezi ya redio, anaacha karatasi na franga zake, na karatasi inasomwa kati ya tangazo la kifo na lile la karte ya uchaguzi iliyopotea. Lakini kuna komunike nyingine isiyolipiwa, ambayo wengi hawaitumii. Hiyo inapelekwa kwa mwandishi wa habari, na yeye ndiye anayeamua kama ndani yake kuna habari au hakuna.

Tuchukue mfano wa atelye ndogo ya Kadutu, mjini Bukavu, inayotengeneza mbabula za kupunguza makala. Mwenye atelye anaandika: «Kampuni yetu, ya kwanza kwa ubora, ina furaha na heshima kubwa ya kuwajulisha wateja wake wapendwa…» Mwandishi aliyebakiwa na dakika kumi kabla ya habari za saa sita haendelei kusoma. Mpaka hapo hajaona nani, nini, wapi wala lini. Ameona heshima tu.

Mtu huyo huyo angeweza kuanza hivi: «Kuanzia Jumatatu tarehe 5, mkaaji wa Kadutu anayeleta mbabula iliyotoboka atapata mpya kwa nusu ya bei.» Sentensi hiyo inamgusa kila mama anayenunua makala. Inayofuata ieleze bei yenyewe kwa franga, kisha ni wapi, kwa alama ambayo watu wanaijua: kanisa, soko, kituo cha pikipiki. Maneno machache ya mwenye atelye yanafaa pia, mradi yawe ya mtu anayesema na si ya mtu anayehubiri. Chini kabisa ziwekwe namba ya simu na namba ya RCCM, au ya patente kwa wale wasio na RCCM. Kwa mwandishi asiyemfahamu, namba hiyo ni mwanzo wa kumwamini.

Akisema mbabula yake inapunguza makala, aoneshe. Amwalike mwandishi aje kuona sufuria mbili za maharage zikipikwa, moja kwenye mbabula ya kawaida, nyingine kwenye ile mpya, makala yakiwa yamepimwa kwa kilo kabla na baadaye. Tarakimu iliyotoka kwenye mzani hupita haraka kuliko «ubora wa kimataifa».

Kuna pia jambo la lugha. Wengi wanaandika Kifaransa peke yake, wakifikiri ndiyo inaonekana ya maana. Matokeo yake, mbabula inaandikwa «foyer amélioré», na mwandishi mwenye haraka anaitafsiri kwa jina ambalo hakuna mpishi anayelitambua. Radio Okapi, kwa mfano, imekuwa ikitangaza kwa Kifaransa na lugha nne za taifa tangu mwaka 2002, Kiswahili kikiwemo. Ukurasa mmoja wa Kifaransa na mmoja wa Kiswahili unatosha. Wa Kiswahili usomwe kwa sauti kabla ya kutumwa: sentensi inayokata pumzi igawanywe.

Na si lazima habari iwe nzuri. Komunike inayotajwa mara nyingi kuwa ya kwanza iliandikwa Marekani mwaka 1906 na Ivy Lee, kwa niaba ya kampuni ya reli ya Pennsylvania Railroad, baada ya ajali ya treni iliyoua zaidi ya watu 50 huko Atlantic City. Kampuni ilieleza yaliyotokea badala ya kuyaficha, na gazeti la New York Times likachapisha maelezo hayo.

Huku kwetu somo hilo liko karibu. M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari, benki zilifunga milango. Maswali ya mteja wakati kama huo ni mafupi: duka liko wazi? Limehamia wapi? Malipo ni ya mkononi, au M-Pesa na Airtel Money zinapokelewa? Komunike ya mistari mitano inayojibu hayo ni habari kwa mji mzima, hata kama mwenye duka anaona haya kutangaza kwamba amepunguza masaa ya kazi.

Inabaki «coupage», zile pesa za usafiri ambazo waandishi wengine wanangojea baada ya kualikwa. Mfanyabiashara asiyekuwa nazo asikate tamaa kutuma komunike yake. Anayetaka kulipa anunue tangazo, apewe risiti, na wasikilizaji wajue kwamba ni tangazo.

Siku habari inapopita hewani, simu huanza kulia ndani ya dakika chache. Mara nyingi imeachwa nyumbani kwenye chaji, au inashikwa na kijana wa atelye ambaye hakuambiwa bei mpya.