Kosa la Zamani na Ruhusa ya Kuingia Marekani

Wekeni kalamu chini kwanza, msikilize.

Tuseme wako ndugu wawili wa Mombasa. Mkubwa anakaa hapo hapo, ana pasi ya Kenya. Mdogo alihamia Uingereza zamani, ana pasi ya huko. Mpwa wao anaoa Chicago, nao wataka kwenda. Lakini kila mmoja ana jambo lake. Mkubwa alikamatwa usiku mmoja kwa ulevi, akalipa faini. Mdogo, akiwa Uingereza, alichukua shati dukani bila kulipa, naye akatozwa faini. Miaka mingi imepita. Je, waseme?

Mkubwa hana la kuchagua. Mwenye pasi ya Kenya, na ya Tanzania vilevile, sharti aombe viza. Fomu yake huuliza hivi, kwa maneno yetu: Umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani kwa kosa lo lote, hata kama ulisamehewa? Lishikeni neno “kukamatwa”. Hawakuuliza kufungwa tu. Basi jibu la mkubwa ni “ndiyo”, kisha aeleze ilivyokuwa. Ulevi wa usiku mmoja kwa kawaida haumfungii mtu mlango. Lakini kudanganya kwa makusudi juu ya jambo lenye uzito kwaweza kumzuia mtu maisha yake yote, asipopata msamaha maalum.

Yuko dalali atakayemwambia, “Andika hapana, hawatajua.” Dalali hasafiri. Jina lililo kwenye fomu si lake.

Sasa mdogo. Mbele yake iko milango miwili. Wa kwanza ni ESTA, ruhusa fupi ya kukaa siku zisizozidi 90, ambayo huombwa kwa intaneti. Imekuwa lazima tangu mwaka 2009 kwa wageni wa nchi kadhaa wanaoingia bila viza. Wa pili ni viza. Fomu ya ESTA huuliza habari ya kosa lililoleta madhara makubwa kwa mtu au mali, na habari ya dawa za kulevya. “Shati halikumdhuru mtu,” atasema mdogo, ashike njia fupi.

Hapo ndipo wengi huteleza. Fomu huuliza machache, lakini sheria ya kuingia ni pana kuliko fomu. Marekani huuhesabu wizi kuwa kosa la upotovu wa tabia, na kosa la namna hiyo laweza kumzuia mgeni. Iko nafuu kwa mwenye kosa moja dogo: adhabu ya juu ya kosa hilo isizidi mwaka 1, na mtu mwenyewe asiwe amehukumiwa kifungo cha zaidi ya miezi 6. Angalieni vizuri. Hawatazami faini uliyolipa tu. Hutazama pia adhabu ambayo sheria iliweza kukupa. Kwa wizi, sheria ya Uingereza ya mwaka 1968 yaruhusu kifungo cha hadi miaka 7. Kwa kipimo hicho shati lile si kosa dogo. Tena Uingereza ina sheria ya mwaka 1974 inayofanya hukumu nyingi za zamani zihesabiwe kuwa zimekwisha, lakini Marekani haiifuati.

Kwa hiyo mdogo namshauri aombe viza. Yachukua muda, lakini ofisa wa ubalozi aweza kumwombea msamaha wa kuingia. Aliyekuja kwa ESTA akirudishwa kiwanjani hana rufani, kwa kuwa alikubali hivyo alipoomba. Hata viza si ahadi ya kuingia, ila mambo mengi huwa yamekwisha kuulizwa kabla ya safari.

Wote wawili watafute nakala ya hukumu kortini. Mkubwa aombe na cheti cha tabia njema cha polisi, apigwe alama za vidole. Tiketi zingoje.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni: kukamatwa, kushtakiwa, kutiwa hatiani, kufungwa. Kila mmoja amweleze mwenzake tofauti ya maneno hayo manne.