Akiba ya Uzeeni: Historia ya Udhibiti wa Mipango ya Pensheni Nchini Kenya na Nafasi ya Mkulima wa Meru na Embu

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Hata hivyo, methali hiyo haisemi ni nani atakayeichunga akiba hadi siku mwenyewe atakapoihitaji. Mfanyakazi anayeanza kukatwa sehemu ya mshahara wake akiwa na umri wa miaka 25 huikabidhi fedha hiyo kwa watu ambao huenda asionane nao maishani, akitarajia kuipokea baada ya miaka 35. Katika muda huo mwajiri anaweza kufilisika, wasimamizi wanaweza kubadilika, na thamani ya shilingi inaweza kushuka. Ndiyo maana historia ya pensheni ni historia ya uaminifu na ya sheria zinazotungwa pale uaminifu unapovunjwa.

Makala haya yanaeleza jinsi udhibiti wa mipango binafsi ya pensheni ulivyokua nchini Kenya, kisha yanautazama udhibiti huo kutoka Meru na Embu, katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Huko mwalimu, karani wa kiwanda na mchuma majani chai huishi katika kijiji kimoja, lakini sheria huwatazama kwa macho tofauti.

Hali kabla ya mwaka 1997

Baada ya uhuru, watumishi wa serikali waliendelea kulipwa pensheni kutoka katika hazina ya taifa chini ya Sheria ya Pensheni. Kwa wafanyakazi wengine, Bunge liliunda Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, NSSF, mwaka 1965. Hazina hiyo haikutoa pensheni ya kila mwezi. Ilimrudishia mwanachama michango yake pamoja na faida kwa mkupuo mmoja. Aidha, michango yenyewe ilikuwa midogo. Kabla ya mageuzi ya mwaka 2013, mfanyakazi alikatwa kiasi kisichozidi shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri akaongeza kiasi kama hicho. Kwa kiwango hicho, miaka 30 ya kazi huleta shilingi 144,000 kabla ya faida. Hicho ni kiinua mgongo cha kuanzia safari, si cha kuimaliza.

Kutokana na upungufu huo, kampuni, benki, vyama vya ushirika na mashirika ya umma yalianzisha mipango yao binafsi. Mipango hiyo iliongozwa na sheria ya udhamini iliyorithiwa kutoka Uingereza, pamoja na masharti ya sheria ya kodi ya mapato. Sheria ya kodi ilitaka kujua ni mpango upi unaostahili msamaha wa kodi. Haikuuliza kama fedha za wanachama zi salama. Mwajiri aliweza kuwateua wadhamini wote yeye mwenyewe, na mwanachama hakuwa na chombo maalumu cha kupeleka malalamiko yake.

Hatari ya mpangilio huo ilikuwa imekwisha kudhihirika ng'ambo. Nchini Marekani, kiwanda cha magari cha Studebaker mjini South Bend kilifungwa mwishoni mwa mwaka 1963, na maelfu ya wafanyakazi wakaambulia sehemu ndogo tu ya pensheni waliyoahidiwa. Tukio hilo lilichangia kutungwa kwa sheria kuu ya pensheni ya nchi hiyo mwaka 1974. Nchini Uingereza, baada ya kifo cha tajiri wa magazeti Robert Maxwell mnamo Novemba 1991, iligunduliwa kwamba zaidi ya pauni milioni 400 zilikuwa zimechotwa kutoka katika hazina za pensheni za wafanyakazi wake. Bunge la Uingereza lilitunga sheria mpya mwaka 1995. Funzo kwa Kenya lilikuwa wazi: ikiwa sheria ya udhamini ilishindwa kumlinda mfanyakazi ilikozaliwa, isingetarajiwa kumlinda ilikorithiwa.

Sheria ya mwaka 1997 na kanuni zake

Mwaka 1997 Kenya ilitunga Sheria ya Mafao ya Kustaafu, ambayo iliunda mamlaka ya kuisimamia sekta hiyo, ijulikanayo kwa ufupi kama RBA. Kanuni za utekelezaji zilifuata mwaka 2000. Tangu hapo kila mpango ulitakiwa kusajiliwa, uwe wa mwajiri mmoja au wa mtu binafsi anayejiwekea akiba kwa hiari.

Nguzo ya kwanza ya sheria hiyo ni kutenganisha mikono. Wadhamini huuongoza mpango kwa niaba ya wanachama. Meneja wa uwekezaji huamua fedha ziwekwe wapi. Mtunzaji, ambaye huwa benki, hushikilia fedha na hati za mali. Naye msimamizi wa kumbukumbu huandika michango na kulipa mafao. Hakuna mmoja wao awezaye kuzitwaa fedha peke yake bila mwenzake kujua. Hali kadhalika, sheria ilikataza fedha za mpango kukopeshwa mtu yeyote, na kanuni zikaweka mipaka ya uwekezaji ili mayai yote yasitiwe katika kapu moja.

Nguzo ya pili ni sauti ya mwanachama. Wanachama walipewa haki ya kuwachagua baadhi ya wadhamini, kupata taarifa ya akiba yao kila mwaka, na kupeleka malalamiko kwa RBA na hatimaye mbele ya baraza la rufaa.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba baada ya sheria hiyo waajiri wengi waliacha mfumo wa kuahidi kiwango maalumu cha pensheni, wakachukua mfumo ambao kinachojulikana ni mchango tu. Katika mfumo wa kwanza, soko likianguka mwajiri ndiye hufidia pengo. Katika mfumo wa pili, hasara ni ya mfanyakazi. Hivyo basi, sheria ilimlinda mfanyakazi dhidi ya wizi, lakini mkondo wa nyakati ulimtwika mzigo wa soko.

Mageuzi yaliyofuata

Mwaka 2009 kanuni zilimruhusu mwanachama kutumia hadi asilimia 60 ya akiba yake kama dhamana ya mkopo wa nyumba, na mwaka 2020 akaruhusiwa kutumia hadi asilimia 40, isiyozidi shilingi milioni 7, kununua nyumba ya kuishi. Kuanzia Januari 2021, watumishi wa serikali wenye umri wa chini ya miaka 45, walimu wakiwamo, waliingizwa katika mpango mpya wa kuchangia. Mtumishi alianza kwa asilimia 2 ya mshahara, akapanda hadi asilimia 5 na kisha 7.5, huku serikali ikitakiwa kuchangia asilimia 15.

Mageuzi yaliyozua mvutano mkubwa zaidi ni Sheria ya NSSF ya mwaka 2013, iliyoweka mchango wa asilimia 6 kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 6 kutoka kwa mwajiri. Sehemu ya juu ya mchango huo inaweza kupelekwa katika mpango binafsi uliokubaliwa na RBA, na kwa njia hiyo hazina ya umma na mipango binafsi zikafungamanishwa. Utekelezaji ulizuiliwa na kesi kwa miaka mingi. Mnamo Septemba 2022 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliibatilisha sheria hiyo. Mnamo Februari 2023 Mahakama ya Rufaa ikatengua uamuzi huo na makato mapya yakaanza. Na mnamo Februari 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha kesi kwa Mahakama ya Rufaa ili isikizwe upya. Mchango wa juu kabisa wa mfanyakazi, uliokuwa shilingi 1,080 kwa mwezi mwaka 2023, ulifika shilingi 4,320 mwaka 2025.

Mkulima asiye na hati ya mshahara

Mageuzi yote hayo yana sharti moja lisilosemwa: kuwapo kwa mwajiri anayekata mshahara kila mwezi. Katika Meru na Embu sharti hilo huwaacha wengi nje. Uchumi wa maeneo hayo umesimama juu ya chai na kahawa nyanda za juu, miraa katika Igembe na muguka katika Mbeere. Mapato ya mazao hayo hayaji kwa kalenda ya mshahara. Mkulima wa chai hupata malipo ya awali kila mwezi, lakini sehemu nono ya jasho lake huja mara moja kwa mwaka kama bonasi.

Hapa pana kinaya kinachostahili kutafakariwa. Viwanda vya chai kama vile Imenti na Kinoro upande wa Meru, au Mungania na Rukuriri upande wa Embu, vinamilikiwa na wakulima wenyewe kupitia hisa. Kwa maana hiyo, mkulima ni miongoni mwa waajiri wa karani anayeupima mzani wa majani yake. Sheria humlazimu mwajiri huyo kumchangia karani akiba ya uzeeni. Yeye mwenyewe sheria haimlazimu kujiwekea chochote, wala haimwekei yeyote wajibu wa kumchangia. Uzeeni hutegemea shamba, ng'ombe, miti ya mbao na wana. Lakini shamba hugawanywa kila kizazi, na wana nao huenda mjini kutafuta riziki isiyo na uhakika.

Jaribio la kuziba pengo hilo lilikuja RBA iliposhirikiana na wanachama wa sekta ya jua kali kuanzisha mpango wa Mbao. Katika lugha ya mitaani, mbao ni shilingi 20, nacho ndicho kiasi ambacho mwanachama alihimizwa kuweka kila siku kwa simu. NSSF nayo ilianzisha mpango wa Haba Haba mwaka 2019, kwa shilingi 25 kwa siku. Majina hayo mawili ni ushahidi kwamba Kiswahili kinapotumiwa vyema, sera hueleweka bila mkalimani.

Hata hivyo, hesabu haidanganyi. Shilingi 20 kwa siku ni shilingi 7,300 kwa mwaka, na kwa miaka 30 ni shilingi 219,000 kabla ya faida. Kiasi hicho kikigawanywa kwa miaka 15 ya uzee, mwanachama hupata takriban shilingi 1,217 kwa mwezi, ilhali mpango wa serikali wa Inua Jamii uliwatengea wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi tangu mwaka 2018. Faida ya uwekezaji huongeza akiba, lakini mfumuko wa bei huila.

Zaidi ya hayo, kichocheo kikuu cha akiba kisheria ni nafuu ya kodi. Mwishoni mwa mwaka 2024 kiwango cha mchango usiotozwa kodi kilipandishwa kutoka shilingi 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Nafuu hiyo ni neema kwa anayekatwa kodi ya mshahara. Mkulima mdogo asiyekatwa kodi hiyo haimwongezei hata shilingi moja.

Hitimisho

Imebainika kwamba sheria ya mwaka 1997 ilitimiza jambo kubwa: iliiondoa akiba ya mfanyakazi katika kiganja cha mwajiri na kuiweka mbele ya macho ya wengi. Lililosalia ni kuifikisha hifadhi hiyo kwa anayelipwa na mvua na mavuno. Njia zipo. Kiwanda cha chai na chama cha ushirika tayari hukata deni la mbolea kutoka katika malipo ya mkulima. Vyombo hivyo hivyo vinaweza, kwa ridhaa yake, kukata sehemu ya bonasi na kuipeleka katika mpango uliosajiliwa, mara moja kwa mwaka, wakati fedha ipo. Badala ya nafuu ya kodi isiyomfikia, serikali inaweza kumwongezea kidogo juu ya kile anachojiwekea.

Wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili nao si mdogo. Hati za mipango hii kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na mtu hawezi kudai haki asiyoielewa. Kuwaeleza wazee wa Meru na Embu, kwa lugha wanayoifahamu, maana ya mdhamini, mtunzaji na mafao ni sehemu ya udhibiti wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, ila mwenye kibaba sharti ajue ni nani anayekishika.